Ya Kuishi Hakuna

Sitaki kuisikia tena ile methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilipokuwa mtoto niliipenda, maana mgeni kwetu alikuwa na maana moja tu: chapati. Leo nikiisikia damu inanichemka, kwa kuwa mwenye nyumba wetu aliitamka nyumbani mwetu, huku akicheka, siku aliyokuja kumwambia mama yangu ahame.

Tuliishi Njiru, ghorofa ya pili, jengo la tatu ukiingia ndani kutoka Kangundo Road. Tulihamia wakati njia ya kuingilia ilikuwa tope tupu na maji ya mfereji yalikuwa ahadi. Mama aliuza mitumba soko la Jericho. Baba, kabla hajatutoka, alikuwa mchongaji, na kitu pekee alichowahi kutuchongea sisi wenyewe ni kibao cha kutundikia makoti, chenye vichwa vya ndege. Alikigongomea ukutani kando ya mlango. Mimi na dada yangu mdogo tulikua tukitundika sare za shule kwenye midomo ya ndege hao.

Mambo yalianzia nyumba iliyotazamana na yetu. Dereva aliyekuwa akiishi humo na familia yake alipandishiwa kodi, akapandishiwa tena, akachoka, akahama. Wakaja mafundi. Wakapaka rangi, wakaingiza kochi la kijivu na televisheni pana kama meza ya kulia, kisha wakang'oa kitasa na kuweka kufuli ya kubonyeza namba. Asubuhi moja tukasikia sauti za watu ndani.

"Majirani wamehamia," mama akasema, na papo hapo akabandika chai.

Kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mtu aliyehama hajui hata kiberiti amekipakia wapi, kwa hiyo chai yake ya kwanza hutoka kwa jirani. Mama akajaza chupa, akafunika mandazi kwa kitambaa safi, akavuka, akabisha hodi. Hakuna aliyeitikia karibu. Alibisha hadi msichana mmoja akafungua akiwa amejifunga leso, akamtazama kuanzia kichwani hadi kwenye ndala.

"Mmechelewa sana. Taulo ziko wapi?"

"Mimi ni jirani, mwanangu. Nimewaletea chai."

"Hatujaorder chai," akasema, akafunga mlango.

Mama alirudi akicheka hadi akatoa machozi. Ati taulo! Mimi sikucheka. Nilitaka kuvuka nikaugonge ule mlango kwa teke, lakini mama akaniambia niketi nile mandazi yasipoe. Baadaye keyateka, kijana mwenye heshima zake anayelinda jengo, akapanda kutuelezea. "Mathe, hiyo keja sasa ni ya bi-en-bi. Watu wanalala wanaenda. Usiwabishie tena, wakilalamika mdosi mwenye jengo atanimaliza."

Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa hawakufika siku ya tatu hata mara moja. Walikuja, wakafungulia muziki, wakaacha chupa kwenye ngazi, wakaenda, wakaja wengine. Sikuwachukia wote. Wengine walikuwa vijana wawili tu waliokosa pa kukaa peke yao bila macho ya wazazi. Lakini mtu wa aina hiyo humwombi chumvi. Wala humwambii, "Nisikilizie mtoto, nafika dukani mara moja." Mlango mmoja ukafuatwa na mwingine, hadi kwenye ngazi yetu tukabaki sisi peke yetu wenye ufunguo.

Ndipo mwenye nyumba akaja. Alikaa kwenye kiti cha baba, akanywa chai yetu, akasifu sukari. Kisha akasema wageni wa wikendi mbili humletea zaidi kuliko sisi kwa mwezi mzima, na benki haimhurumii. "Si unajua, mama? Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akacheka. Mama hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa maneno ya lugha asiyoijua.

Wapo watakaoniambia mali ni yake, ana haki ya kuifanyia apendavyo. Najua. Nimeambiwa hivyo hata na watu wa kanisani. Nawauliza: aliponunua kiwanja pale penye mbwa na vumbi tu, ni nani aliyefanya pakawa mahali? Ni sisi tuliochimba mtaro mvua ilipoingia. Ni mama na wenzake waliokesha na mgonjwa wa ghorofa ya chini. Ulipokuwa mtaa usiotakiwa tulikuwa wapangaji wazuri sana.

Tulitafuta nyumba kila Jumamosi. Mimi ni karani katika duka la jumla Eastleigh, nimezoea kuulizia bei na kuambiwa hapana, lakini jibu nililopewa kwenye geti moja hapo hapo Njiru sikulizoea.

"Unataka nyumba ya siku ngapi?" keyateka wa hapo aliuliza.

"Ya kuishi."

"Ah, ya kuishi hakuna."

Ya kuishi hakuna! Nilisimama pale nikiitazama nguo moja tu iliyoanikwa kwenye jengo zima, shuka jeupe la kitanda cha wageni. Nilitukana kwa sauti na sijutii.

Mwishowe tukapata chumba kimoja mbele ya Ruai, ambako mama hawezi kufika Jericho kabla wanunuzi wazuri hawajaondoka. Siku ya kuhama nilitaka kung'oa kibao cha baba. Mwenye nyumba akakataa, ati misumari itabomoa plasta. Ukweli ni kwamba kilimpendeza.

Kisha dada yangu akachumbiwa, na wazee wa upande wa kijana wakasema wanakuja kutuona. Utawaketisha wapi wakwe kwenye chumba kimoja, juu ya kitanda? Dada akaanza kutafuta nyumba ya kukodi ya siku moja kwenye simu. Ghafla akanionyesha picha. Ndege wa baba walikuwa ukutani, wamevishwa kofia ya ukili kama pambo.

Mimi nilisema afadhali tuwakaribishe barabarani. Mama akasema, "Chukueni hiyo hiyo. Jiko lake nalijua."

Tukaingia kwa namba kama watu wengine. Mama alitoa ile kofia, akatundika leso yake mahali pake pa siku zote, akaanza kupika. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo lililoniuma. Wazee walipofika, keyateka yule yule akapanda mbio, uso chini.

"Mathe, aki pole. Kuna kamera kwa ngazi. Wageni hawaruhusiwi kuleta wageni. Mdosi amenipigia, anasema washuke."

"Hii ni nyumba ya wageni," mama akasema polepole, "na haitaki wageni?"

Wakashuka. Zamani tungeazima viti kwa kila mlango wa jengo lile. Sasa kila mlango ulikuwa na namba zake na hakuna aliyeitikia hodi. Wakwe wakala pilau wakiwa wamesimama kati ya magari, sahani mkononi, wakisema kwa adabu kwamba hapo panatosha. Mama akawa anapanda na kushuka na chupa ya chai, akiwaomba radhi kwa nyumba aliyoishi hadi akaota mvi.

Tulipokuwa tukiosha vyombo, simu ya dada ikalia. Mama akauliza nani anapiga.

"Hakuna anayepiga," dada akasema. "Ni wale wa mtandao wa kukodi nyumba. Wanauliza tutampa mwenyeji nyota ngapi. Kama alitukaribisha vizuri."

Mama alifuta mikono, akachukua leso yake kwenye mdomo wa ndege.

"Waambie mwenyeji hakuwepo," akasema. "Waambie walimfukuza."