Punda wa Baba Mkwe Hampiti Mtu

Huku Zagayu wanawake hawana mazoea ya kupanda punda. Humswaga kwa miguu. Mimi nilipanda kwa sababu nilikuwa nimeteguka kifundo cha mguu, na nilikuwa nimeteguka kwa sababu juzi yake nilijaribu kumpanda punda huyohuyo. Wifi yangu hakuona tatizo lolote katika mpangilio huo.

"Kutembea huwezi," alisema huku akifunga ndoo mbili za makande, moja kila ubavu wa mnyama. "Basi kaa juu. Ila wifi, leo ukianguka, angukia upande usio na makande."

"Pande zote zina makande."

"Ndiyo maana usianguke."

Makande yalikuwa ya wavunaji wa pamba. Mama mkwe alikuwa nao shambani tangu alfajiri, na utaratibu ulijulikana: chakula kikichelewa, wavunaji hujifunga khanga zao na kuhamia shamba la jirani, ambako sufuria tayari inachemka. Msimu uliopita walimfanyia hivyo, na pamba yake ikabaki shambani. Msimu huu aliwaahidi kwamba chakula kitaletwa na mkwe wake wa kutoka Dar es Salaam. Aliwaahidi kwa sauti kubwa, jirani akisikia.

Punda alikuwa wa baba mkwe, ambaye wiki ile alikuwa Kiloleli kwa kaka yake. Kwa baba mkwe, mnyama huyu alikuwa mtulivu kama godoro. Kwangu mimi alikuwa na ugonjwa wa kusimama. Anakwenda vizuri, mara anaganda, masikio mbele, na hapo umbembeleze, umchape, umsukume, ni kama unasukuma ghala. Siku niliyoanguka nilikuwa nimemvuta sikio. Sijarudia.

Nilikuwa nimeshaondoa sababu kadhaa. Haikuwa kivuli, maana aliganda juani. Haikuwa majani, maana aliganda kwenye mchanga mtupu. Wala haikuwa uzito, maana aliganda hata mgongo ukiwa wazi.

Hatukufika mbali akaganda. Mbele yetu mzee mmoja alikuwa anashuka kwenye baiskeli yenye kuku wawili wamening'inia kwenye usukani.

"Mwangaluka, mayu," aliniamkia, maana huku kila mwanamke ni mama.

"Mwangaluka," nilijibu haraka, nikampiga punda visigino. Punda hakusogea. Mzee naye hakusogea.

"Mhola?"

"Mhola."

Akauliza za nyumbani. Nzuri. Watoto? Wazima. Ng'ombe? Wazima, nilisema, ingawa sina hata ndama. Na huyu punda?

"Mkaidi."

"Aa, huyu namjua, mbona hana neno. Haya, mhola duhu."

"Mhola duhu," nilisema, yaani ni salama tu, na punda akaondoka kwa kasi hadi nikabaki nimeshika manyoya ya shingo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Baba mkwe hampiti mtu bila kumaliza salamu yote, kuanzia mke hadi mbuzi. Kwa miaka mingi punda amesimama akisubiri neno la mwisho. Mimi nilikuwa nawatupia watu "mambo" nikiwa mwendoni, kisha namchapa mnyama mwenye adabu kunizidi.

Ugunduzi huo ungenifurahisha zaidi kama mbele yetu kusingekuwa na bomba la maji, na foleni ya wanawake.

"Huyu si ndiye aliyeanguka?"

"Ndiye."

"Mguu unaendeleaje, mayu?"

"Unaendelea."

"Na hayo makande?"

"Yanapoa."

Walicheka wakashika ndoo zao. Nilijaribu kuwasalimia wote kwa pamoja. Punda aligeuza sikio moja, akabaki palepale. Ikabidi niende mmoja mmoja, hadi kwa bibi aliyeuliza habari za kila mjomba niliyenaye.

Jua lilikuwa limepanda sana tulipofika kwenye mtama, na punda akaganda tena. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na sanamu la kutishia ndege, limevaa koti kuukuu.

Nilitazama nyuma, nikatazama mbele.

"Mhola?" nililiuliza. Kisha nikajibu kwa sauti nzito, "Mhola." Nikaliuliza za nyumbani, likasema nzuri. "Haya, mhola duhu."

Punda akaondoka akikimbia.

Basi sikunyamaza tena. Nilisalimia vichaka, nilisalimia kichuguu, nikajijibu mwenyewe, na kila "mhola duhu" ilimwongeza mwendo. Niliachia shingo. Nilikaa wima. Njia nzima tulikuwa tunapaa, mimi na punda na ndoo zikigongana.

Shambani, wavunaji walikuwa wameshajifunga khanga. Mama mkwe alikuwa amesimama mbele yao, mikono ameitanua kama anayezuia mbuzi.

"Mhola!" nilipiga kelele kutoka mbali.

Huku huwezi kumpa mtu mgongo anapokusalimia. Waligeuka, wakaitikia, wakaanza: za nyumbani, za watoto, za mguu. Punda alisimama akisubiri. Mama mkwe hakusubiri. Alifungua ndoo na kumwekea kila mmoja sahani mkononi akiwa bado anaitikia.

"Umechelewa," aliniambia wakati nashuka.

"Nilikuwa nasalimia watu, mama."

Alimtazama punda. "Lo! Mwingine tena kama baba mkwe wako." Akanipa sahani.

Wakati huo mvunaji wa mwisho alitamka "mhola duhu" huku amejaza mdomo makande, na punda akashika njia ya kurudi nyumbani, bila mimi.

Nilimwita kwa njia pekee ninayoijua. "Mhola?"

Akasimama.