Kigusio cha Kulia

Ukimletea mke wangu buibui aliyekufa, hamtazami usoni kwanza. Anamgeuza chali kwa kibano, anamkagua nyuma pale panapotokea uzi, kisha anasema, "Huyu ni wa ardhini." Zamani, nilipokuwa namtaka na kila swali langu ni kisingizio cha kukaa karibu naye, nilimuuliza amejuaje. Akanieleza kwamba buibui wa ardhini hatandi utando wa kunasia. Anawinda kwa miguu yake, na mchana analala chini ya mawe. Nyuma ana vijibomba viwili vya uzi, virefu kidogo, vimesimama mbalimbali bila kugusana. Nikamwambia mimi nyuma sina hata kimoja, je, ukoo wangu ni upi? Hakucheka. Mambo ya ukoo hayafanyiwi mzaha.

Aliingia jumba la makumbusho kama mfagiaji. Siku moja, akipangusa vumbi kwenye meza ya Profesa, alimwambia kwamba vichupa viwili vimewekwa pamoja lakini waliomo si ndugu: mmoja macho yake mawili ya kati ya nyuma yamelala mshazari, mwenzake ana ya mviringo. Profesa aliinama kwenye hadubini, akakaa hapo muda mrefu, halafu akamwomba aweke ufagio chini. Hiyo ilikuwa miaka kumi na tisa iliyopita. Tangu hapo yeye ndiye anayetenga buibui wote wa ardhini wanaoletwa pale, spishi kwa spishi, kila mmoja katika kichupa chake cha spiriti. Wenzake kazini wanamwita Mama Chupa. Profesa anamwita binti yangu.

Mimi ni seremala wa jumba hilohilo. Karakana yangu iko ghorofa ya chini, na droo zote za mkusanyo ule nimezitengeneza mimi. Nina mikono mikubwa na hasira za karibu, na watu wanadhani mtu wa hasira za karibu hafichi kitu. Wanakosea sana.

Ili mnielewe lazima niwaeleze jambo moja la kazi yake. Buibui dume ana vigusio viwili mbele, karibu na mdomo, na ncha zake zimevimba kama amekunja ngumi. Ndani ya ngumi hiyo mna vimiba na mikunjo isiyofanana kati ya spishi moja na nyingine. Miili inaweza kufanana hadi ukakata tamaa, lakini vigusio havidanganyi. Kwa hiyo wanakata kimoja, sikuzote cha kushoto, wanakitia ndani ya kimrija cha kioo kisichofika hata nusu ya kidole, wanaziba kwa pamba na kukirudisha ndani ya kichupa cha mwenyewe, hadi zamu ya kuchorwa. Cha kulia kinaachwa kwenye mwili, na hakuna anayekigusa. Vimrija havina lebo, ni vidogo mno. Lebo inakaa kwenye kichupa.

Miaka miwili iliyopita meza yake ilikuwa inayumba. Nilipanda na randa yangu kurekebisha mguu mmoja. Yeye alikuwa ameitwa shuleni, binti yetu ana homa, akaacha kila kitu kama kilivyo: visahani viwili, kila kimoja na buibui wake, na kando ya kila kisahani kimrija. Nilipaswa kumsubiri. Nikainua kona ya meza kidogo tu, vimrija vikabingirika. Kimoja kilikwama chini ya hadubini, kingine nilikidaka ukingoni. Nilivishika mkononi vyote viwili. Ndani ya kila kimoja mlikuwa na kitu kidogo kuliko punje ya ufuta. Nikaweka kimoja huku na kingine kule, nikamaliza mguu wa meza, nikashuka. Sikumwambia. Nilijiambia huenda nimepatia, na kama sikupatia, nani atakayegombana kwa ajili ya mkono wa buibui?

Basi Profesa akaugombania kwa furaha. Mmoja wa wale buibui, mwili wake ulikuwa wa kundi moja na kigusio chake cha kundi jingine kabisa. Yule wa pili alikuwa amepoteza miguu mitatu, akawekwa kando asubiri zamu yake, na zamu haikufika. Profesa alikuwa ameshatafuta kwa miaka thelathini kiungo kati ya makundi hayo mawili, na sasa kiungo hicho hapa, mezani kwake. Akaitangaza jenasi mpya, kundi jipya la spishi ndugu. Akaandika sura nzima ya kitabu chake, kitabu cha kuainisha buibui wote wa ardhini, cha mwisho kabla hajastaafu. Na ile jenasi akaipa jina la mke wangu.

Mke wangu alilia siku alipoambiwa. Aliniambia mama yake hakujua kusoma, na sasa jina alilompa mwanawe litasomwa na watu wasiomjua, hata baada yetu sote. Nilimkumbatia kwa furaha ya kweli. Wallahi, vile vimrija sikuvikumbuka hata kidogo.

Nilivikumbuka Jumanne ya wiki ile ambayo kitabu kilikuwa kinakwenda mitamboni Ijumaa. Wachapishaji walikuwa wameomba picha moja zaidi, ya buibui mzima kwa mbele. Mke wangu akamtoa, akamweka chini ya hadubini, na kwa mara ya kwanza mtu akakitazama kigusio cha kulia.

Alishuka karakanani kwangu bila koti lake la kazi. Nilikuwa napaka gundi. Akaketi juu ya gogo, akaanza kusema polepole, kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine. Kulia hakufanani na kushoto. Kwa buibui mmoja, jambo hilo haliwezekani. Alikwenda kumtoa yule mwenye miguu mitano, na kigusio chake cha kulia ndicho kile kilichochorwa kitabuni. Jenasi haipo. Haijawahi kuwepo.

"Nilivichanganya mimi," akasema. "Meza ile haiguswi na mtu mwingine."

Gundi ilikuwa inadondoka kwenye kiatu changu nami naitazama tu. Hapo ndipo pa kusema, na maneno yalikuwa machache, hata pumzi moja isingeisha. Badala yake nilimuuliza kama Profesa anajua. Akasema bado. Akasema kama amechanganya viwili, nani ajuaye amechanganya vingapi? Madume waliokatwa kigusio ni mia nne na kumi na wawili. Atawafungua wote, mmoja mmoja, alinganishe kulia na kushoto, halafu Alhamisi asubuhi atakwenda kwa Profesa na idadi kamili. Kisha ataacha kazi. Alilisema hilo la mwisho kwa sauti ileile.

Nami nikajidanganya kwamba nimepewa siku mbili za kujiandaa.

Jumanne jioni nilisema nitamwambia baada ya chakula. Hakula. Binti yetu alikuwa na madaftari yake yametapakaa mezani, nikasema siwezi mbele ya mtoto. Mtoto akaenda chumbani, nikasema mwenzangu amechoka. Sikukosa sababu, nilizipata kwa fungu. Yeye alikaa akinyoosha vidole vyake mbele ya taa na kuvitazama, akaniuliza kama nimewahi kuona mkono wake ukitetemeka. Nikamwambia sijawahi. Akaniuliza tena kama ni kweli au namfariji. Nilitamani ardhi inimeze, lakini kinywa kilikuwa changu na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Jumatano nilipanda mara tatu. Mara ya kwanza nilijifanya nakagua bawaba za kabati. Alikuwa amefika wa mia na sitini, wote sawasawa, na kila alipokuta sawa alitia alama kwenye karatasi bila kufurahi. Mara ya pili alikuwa amerudia arobaini wa mwanzo kwa sababu haamini tena macho yake. Hilo liliniuma kuliko yote. Macho yale yaliwahi kutenganisha ndugu na asiye ndugu akiwa na ufagio mkononi, na sasa mimi nimemfanya ayatilie shaka. Mara ya tatu niliishia kwenye ngazi. Nilisimama pale kama mjinga, nikamsikia akihesabu, nikashuka.

Kilichonizuia, nikiwa mkweli, si kuogopa kufukuzwa. Karakana ziko nyingi. Niliogopa uso wake atakapogeuka. Miaka yote amenisifu kwa watu kwamba mume wake ana makelele lakini hana siri. Nilitaka kubaki yule mtu siku moja zaidi, halafu nyingine.

Alhamisi alivaa gauni lake la bluu, lile la shughuli rasmi. Alikuwa amemaliza wote. Waliokosewa walikuwa wawili tu, walewale. Nilimwambia nitamsindikiza, akasema si lazima, nikamfuata hata hivyo na bisibisi mkononi, sijui ya nini.

Chumba cha Profesa kina dirisha moja na vitabu hadi darini. Alikuwa amezipanga kurasa za kitabu katika mafungu, kila fungu na uzi wake. Mke wangu hakuketi. Akaweka vichupa viwili mezani na kueleza kila kitu, tangu picha iliyoombwa hadi buibui wa mia nne na kumi na wawili. Profesa hakumkatiza. Alimvuta buibui wa kwanza chini ya hadubini, akatazama. Akamvuta wa pili. Alitazama muda mrefu mno, na mimi mlangoni nilikuwa nasikia saa ya ukutani.

"Nani alivifungua siku ile?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Mimi, Profesa."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Aliinua kichwa. Ni mzee mwembamba asiyepaza sauti, na hilo ndilo linalotisha. Akasema kwa miaka kumi na tisa hajawahi kurudia kazi ya mke wangu kuikagua, hata mara moja. Akasema alikuwa ameshaandika barua kwamba akiondoka, mkusanyo wote ubaki chini yake. Alitumia neno "nilikuwa". Kisha akanyoosha mkono kwenye droo, na nikajua anaitafuta barua ile.

Mke wangu alisimama wima. Hakujitetea, hakulia. Alikuwa tayari kulibeba kosa lile maisha yake yote, akalitunze vizuri kama anavyotunza vichupa vyake.

"Ni mimi," nikasema.

Sauti ilitoka kubwa kupita kiasi. Wote wawili waligeuka. Nikasema meza, nikasema randa, nikasema vimrija vilibingirika na mimi nikavirudisha kwa kubahatisha. Nilisema vibaya, mwisho mbele na mwanzo nyuma, jasho likinitoka. Nilipomaliza Profesa hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: kilichokwama chini ya hadubini, nilikiweka kisahani kipi? Nikasema cha kushoto, karibu na dirisha. Akakitoa kigusio kwa kibano, akakilinganisha na mwili wa buibui mwingine, akaguna. Akavirudisha vyote viwili kwa wenyewe.

Halafu akachukua fungu la saba la kitabu, lile lenye uzi mwekundu, miaka yake thelathini, akalitoa katikati ya mengine na kuliweka sakafuni. Aliwapigia simu wachapishaji na kuwaambia sura ya saba haipo tena na jenasi ile ifutwe kila mahali ilipotajwa. Akalisoma jina la mke wangu herufi kwa herufi ili wasikosee wanachofuta. Nilitazama dirishani.

Alipoweka simu, aliirudisha barua kwenye droo na kuifunga.

"Nisamehe, binti yangu," akasema. "Sasa andika lebo, kabla spiriti haijakauka."

Hapo nilijifunza desturi yao ambayo sikuwahi kuijua kwa miaka yote hiyo. Lebo ya zamani haitupwi, hata ikiwa ya uongo. Inabaki ndani, na kando yake inatiwa nyingine inayoeleza kosa lilikuwa nini, limetokeaje na limerekebishwa lini, ili mtu atakayefungua kichupa hicho miaka mia ijayo asihangaike. Wanaandika kwa penseli, kwa sababu wino huyeyuka.

Mke wangu aliketi. Tangu niseme alikuwa hajanitazama. Akakata vipande viwili vya karatasi ngumu, akaandika kwa herufi zake ndogo zilizonyooka, akavitumbukiza kila kimoja kichupani mwake. Nilisogea. Kupitia kioo nilisoma: *Vigusio vya kushoto vilibadilishwa na seremala akirekebisha meza. Alisema mwenyewe, siku ya tatu.*

Nilimwomba kwa sauti ya chini ayaondoe maneno matatu ya mwisho.

Ndipo aliponitazama. Macho yalikuwa mekundu kwa usiku mbili za kutolala.

"Si kweli?" akauliza.

Nikasema ni kweli. Akafunga vifuniko, akavipeleka kwenye droo yake.