Filimbi ya Shamba la Miwa

Mchuma janga hula na wa kwao, bibi yetu wa Marangu hakuchoka kutuambia. Mimi nililichuma nikiwa na miaka kumi, na nusura alile mdogo wangu wa miaka sita peke yake.

Tulikulia kambini, kwenye kijiji cha kiwanda cha sukari, kule chini ya Moshi kwenye joto. Nyumba ya kiwanda, maji ya kiwanda, hata king'ora cha kutuamsha cha kiwanda. Kazi ya baba ilikuwa kuchoma mashamba, maana miwa huchomwa kabla ya kukatwa, majani yaishe na nyoka wakimbie. Mtoto wa mfanyakazi akikamatwa na muwa wa wizi, baba yake anafukuzwa, na nyumba inakwenda na kazi. Tulijua hayo na tuliiba vilevile.

Mwalimu wa wizi nilikuwa mimi. Nilimwambia mdogo wangu: ukisikia filimbi, huyo ni mlinzi. Lala kwenye mfereji, funga mdomo, usimwitikie mtu yeyote ila mimi. Alilishika somo hilo kuliko la shule. Nilichosahau, mjinga mimi, ni kwamba siku ya kuchoma, filimbi hiyohiyo hupigwa kuwatoa watu shambani.

Jumamosi moja mchana nilimtuma akachukue muwa mmoja tu, nikabaki nafua. Filimbi ikalia, ndefu, mara tatu. Akina mama wakatoka mbio kuanua nguo kabla masizi hayajaanza kudondoka. Ndipo nikaelewa.

Niseme ukweli, nilisimama tu. Nikisema, baba hana kazi na sisi hatuna pa kulala. Nisiposema, mtoto anaungua. Sijui nilisimama muda gani, ila povu la sabuni lilinikaukia mikononi. Halafu nikakimbia.

Baba alikuwa barabarani na mwenge wake, msimamizi kando yake. Upande wa pili wa shamba ulishawashwa, majani yanalia kama bisi kwenye sufuria.

"Baba, mdogo wangu yumo ndani," nikasema.

Aliutupa mwenge kwenye pipa la maji kando ya barabara, akaingia akimwita kwa jina. Akaita, akaita. Kimya. Mimi nilijua kwa nini kimya, nikaingia nyuma yake, nikafungua mdomo, na sauti ikagoma. Ilipotoka ilikuwa kama ya mbuzi anayechinjwa.

Hatua tatu kutoka alipokuwa baba, mdogo wangu akainuka mferejini, muwa mkononi.

Msimamizi aliuona ule muwa. Jumatatu tulikuwa tunapakia magodoro, tunapanda kwa bibi Marangu. Baba hakunipiga wala hakunifokea, na mimi nilitamani anipige, yaishe. Alichofanya Jumamosi ile, palepale barabarani, moshi ukitutoa machozi sote, ni kumpangusa mdogo wangu majivu usoni na kumuuliza taratibu:

"Hukunisikia nikikuita?"

"Nilikusikia, baba," akajibu, tena anajivuna. "Nikazidi kulala. Dada alisema nisitoke."

Baba akanitazama. Leo nina watoto wangu, na nikimwita mmoja wao akachelewa kuitika, huacha nilichoshika nikakimbia kumtafuta.