Tanuru Lililoachwa Wazi

Baba yangu alikuwa hawezi kuingia nyumba ya watu bila kuipapasa. Hata tukienda matanga, kabla hajaketi na wanaume wenzake, utamwona amesimama pembeni, anagonga ukuta kwa kidole, anainamisha kichwa kusikiliza. Mama alikuwa akimfinya mkono. "Tulikuya kulia," alimwambia siku moja mbele ya wafiwa, "hatukukuya kupima nyumba." Baba aliona haya, akaketi, na bado macho yake yakabaki kwenye pembe ya dari.

Alikuwa masoni, fundi wa kujenga. Alijenga nyumba nyingi za mji wetu wa Bunia, madarasa, ukuta wa kanisa letu, na kwa mikono yake mikubwa aliweza kupanga tofali bila kulitazama. Sisi watoto tulimtania kwamba akiachiwa, ataweka timazi hata kwenye ugali ili ajue kama mama ameusonga sawasawa. Naye alicheka, kisha akaugeuza ugali kidogo kwenye sahani, na hapo tukacheka zaidi.

Lakini sisi wenyewe, hapo mtaa wa Bigo, tulikaa katika nyumba ya miti na udongo iliyokuwa imeegemea upande wa barabara. Nyumba ya masoni. Majirani hawakukosa la kusema, na mimi, ambaye tangu utoto nina hasira za karibu, nilipigana shuleni mara mbili kwa ajili ya nyumba hiyo. Baba alikuwa akisema kwanza amalizie ya fulani, halafu yetu. Ya fulani ikiisha, palikuwa na fulani mwingine. Uvumilivu wa mama ulikuwa mrefu, lakini ulikuwa na mwisho, na siku ulipofika mwisho hakupiga kelele; alimwambia tu kwamba angependa kulala ndani ya ukuta wa mume wake kabla hajazeeka.

Basi baba akaanza matofali yetu. Kila jioni akitoka kazini, na kila Jumapili baada ya misa, alishuka bondeni chini ya Bigo, kwenye udongo mzuri karibu na kijito. Mama na mimi tulichota maji, yeye alikanyaga udongo na kuujaza kwenye kibao cha kufyatulia. Kando yetu, rafiki yake, masoni kama yeye, alikuwa akifyatua ya kwake. Walifanya kazi wakizungumza, au wakinyamaza pamoja saa nzima. Ilituchukua karibu miaka miwili, kwa sababu vita vilikuwa vimeshaanza, vikija na kuondoka. Vikija, tulijificha. Vikiondoka, baba alirudi kwenye udongo wake, akayahesabu matofali yaliyovunjwa na mvua na kuanza mengine.

Kwa mtu asiyejua, niseme kidogo habari za tanuru. Unapanga matofali mabichi mpaka yawe mlima kama nyumba ndogo, chini unaacha midomo ya kutilia kuni. Yetu ilikuwa mitatu. Ukishawasha, unalisha moto mchana na usiku, siku nne au tano, na moshi unakuambia kazi imefika wapi: kwanza ni mweupe na mzito kwa maji ya udongo, halafu unakuwa mwepesi, halafu karibu huuoni. Hapo ndipo unaziba midomo yote kwa udongo na kuliacha lijipikie lenyewe. Ukiliacha kabla ya hapo, umepoteza yote, kwa sababu tofali lililoiva nusu halirudi tena motoni. Kwa hiyo tanuru likishawashwa haliachwi. Mwenyewe halali kwake, na watu wetu wana desturi kwamba hakuna kugombana mahali lilipo. Mwenye neno na mwenzake asubiri.

Baba na rafiki yake waliwasha matanuru yao siku ile ile, la rafiki likiwa dogo kuliko letu. Siku ya tatu tulisikia bunduki upande wa juu wa mji, na tofauti na siku nyingine, hazikunyamaza. Mchana watu walianza kupita barabarani na magodoro kichwani. Wengine walikuwa wanakwenda njia ya Niania, wengine kuelekea uwanja wa ndege, kwenye kambi ya walinda amani, na kila mtu alimwogopa mwenziwe kwa kabila lake. Mama alifunga nguo kwenye kitenge, akambeba mdogo wetu mgongoni, akanishika mkono, tukashuka bondeni kumchukua baba.

Alikuwa anasukuma gogo la mkalitusi kwenye mdomo wa kati. Aligeuka akaona mizigo yetu, akaelewa.

"Mubaki siku mbili tu," alisema. "Ao mutangulie. Mi nitaziba, kiisha nitawafwata."

"Bale batu ya bunduki batakungojea uzibe?" mama alimuuliza.

"Nikiacha moto sasa, miaka mbili imekufa bule. Nyumba yako ni hii hapa, mama ya batoto. Iko ndani ya moto."

Mama alimpandisha mtoto vizuri mgongoni. Aliijua desturi, na hakutaka kugombana pale. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne, na desturi siku hiyo haikunishika.

"Papa, weye unapenda matofali kupita siye," nilimwambia kwa sauti kubwa.

Rafiki yake alisimama na kuni mikononi. Baba alinitazama. Nilingoja anipige kofi, na naamini ningelipenda kofi lile kuliko alichofanya: aliinama akaokota gogo jingine, akalisukuma ndani. Tukaondoka bila yeye.

Kambi karibu na uwanja wa ndege ilikuwa ya mabashi, yale maturubai ya plastiki, moja juu ya jingine, na watu wengi kuliko nilivyodhani wanaweza kukaa pamoja. Mama alitafuta mahali pa kuinuka kidogo, akasimama akitazama upande wa Bigo. Moshi ulikuwa mwingi, kwa kuwa nyumba zilikuwa zinachomwa. Lakini mama alikuwa mke wa masoni. Moshi wa nyumba ni mweusi na hauna subira. Yeye alikuwa anatafuta miwili myembamba, ya kijivu, iliyosimama karibu karibu.

"Ule ni wake," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili asubuhi alisema tena, "Bado iko pale." Mimi nilichungulia nikaona moshi tu. Nilikuwa na hofu ya aina yake: niliogopa baba auawe, na niliogopa kwamba kama akiuawa, neno la mwisho alilosikia kutoka kwangu litakuwa lile. Siku hiyo hiyo saa tano mmoja ukapotea. Mama hakujua ni upi. Hakukaa chini tena, na chakula tulichopewa alikiweka pembeni bila kukigusa.

Baba alifika alasiri. Alikuja kati ya watu wengine, polepole, shati limepasuka begani, hana mzigo wowote. Mimi nilimkimbilia. Mama hakukimbia. Alimtazama mikono kwanza, na mimi nikatazama alikotazama. Ilikuwa na masizi mpaka kwenye viwiko, lakini mikavu, haikuwa na tone la udongo. Hakuwa ameziba.

Mama alimpa kile chakula alichokuwa amekiweka pembeni. "Kula," akamwambia.

"Nilimwambia tuende wote," baba alisema baada ya kula. "Alisema lake lishaiva, anaziba leo, kesho anakuya."

Rafiki yake hakuja kesho, wala kesho kutwa.

Tulirudi Bigo baada ya majuma mengi, wanajeshi wa kigeni walipojaa mjini na njia zikapitika. Nyumba yetu iliyoegemea ilikuwa haina mlango wala bati. Baba hakusimama hapo. Alishuka moja kwa moja bondeni, nasi nyuma yake. Wazee waliobaki walikuwa wamemzika rafiki yake papo hapo walipomkuta, katikati ya matanuru mawili. Tanuru lake lilikuwa limezibwa vizuri, midomo yote. Letu lilikuwa wazi, isipokuwa mdomo mmoja, ule wa kushoto. Huo ulikuwa umezibwa kwa udongo, na juu ya udongo uliokauka kulikuwa na alama za vidole. Rafiki yake baba alikuwa ameshamaliza kazi yake. Angeweza kuondoka. Alikuwa ameanza kutuzibia.

Baba aliweka vidole vyake kwenye zile alama, akalia kwa sauti, kama wanavyolia wanawake matangani, bila kujificha. Sikuwahi kumwona hivyo, na sikumwona tena.

Tulipoyafungua matanuru, matofali ya rafiki yake yalikuwa mekundu, na ukigonga moja kwa jingine yalilia kama kengele. Ya kwetu yalikuwa na rangi ya ngozi ya mtoto mchanga. Nililikwaruza moja kwa ukucha likaacha unga. Nikafikiri ni mimi, kwa kugombana mahali pale. Lakini niseme wazi: sijawahi kuomba radhi kwa neno lile, na wala sitaomba. Lilimleta baba kambini akiwa hai.

Mjane alikuja siku hiyo na watoto wake. Alitazama milima yote miwili, akamwambia mama, "Alikufa akiziba yenu. Mubebe nusu ya haya mazuri, na siye mutupe nusu ya yale."

Baba alitaka kusema, mama akamtangulia. "Hapana, dada. Yote mazuri ni yako. Ya kwetu yatakuwa yanabomoka kila mvua, lakini siye tuko na mwenye kutengeneza."

Neno lilitoka likiwa zito kuliko alivyokusudia, nami nililiona likimfikia mwenziwe. Mama akamkumbatia, wakakaa chini hapo kwenye majivu wakalia pamoja. Baba aliondoka kwenda kutafuta kamba ya kupimia. Nyumba ya mjane ndiyo iliyosimama kwanza, nzuri kuliko zote alizowahi kujenga. Kisha akajenga yetu kwa yale matofali laini, akaipa bati refu la kutokeza ili lizuie mvua, na bado mvua ya Bunia ilijua kuingia.

Hivyo kila majira ya mvua yalipopungua, baba alipanda ngazi. Mama alikoroga udongo na chokaa, kisha akaishika ngazi kwa mikono miwili, akimwambia pale umeruka, na pale, na yeye akimjibu kwamba yuko juu na anaona vizuri kuliko aliye chini. Majirani waliizoea kama ngoma ya kila mwaka. Walifanya hivyo mpaka nikaolewa, mpaka nikarudi na watoto wangu, mpaka mwaka jana baba alipofariki kitandani kwake, kwa ugonjwa, ndani ya kuta zake.

Mwaka huu mvua ilikula ukuta wa upande wa jikoni. Nikamwita masoni, kijana mpole anayejua kazi. Mama alitoka, akakoroga udongo bila kuombwa, kisha akaishika ngazi.

"Ngazi iko sawa, mama," kijana alimwambia kutoka juu. "Unaweza acha, upumzike."

Mama hakuiacha.