Wiki Sita Bila Sauti

Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita wanafunzi walimwita Spika, na hawakumsingizia. Akifundisha, hata mlinzi wa getini angeweza kufanya zoezi. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amesomesha kwa chaki na koo. Vishikwambi vilipoletwa shuleni, vya darasa lake alivifungia kabatini. Yeye, alisema, haonyeshi sinema.

Kisha sauti ikaanza kukwaruza, ikakatika kabisa. Daktari alimmulika kooni, akaguna.

"Mwalimu, una vinundu kwenye nyuzi za sauti. Wiki sita usiseme neno. Hata kunong'ona marufuku."

Mkewe alihuzunika kwa nusu saa hivi. "Pole, mume wangu," alimwambia, kisha akatazama taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho bila mtu wa kubishana na mtangazaji. "Kumbe mwishoni wanasoma na hali ya hewa!"

Spika hakutaka likizo. Mwalimu wa sayansi, dada mmoja mcheshi aliyevizoea vishikwambi, alikaa naye ofisini alasiri mbili akimwonyesha namna ya kutuma swali likafika kwa kila mwanafunzi, na majibu yakarudi kwake. Spika alikigusa kioo kama anayegusa pasi ya moto.

"Hakiumi, kaka," dada alicheka. "Bonyeza."

Jumatatu alivitoa vishikwambi kabatini, akavigawa, akaandika ubaoni: LEO SISEMI. WASHENI. Darasa likalipuka kwa shangwe. Akaanza na swali jepesi, la kuwatia moyo tu: ipi kubwa, theluthi au robo?

Kati ya wanafunzi arobaini na sita, thelathini na mmoja walichagua robo.

Akadhani mtambo umeharibika. Akatuma tena. Sasa wakawa thelathini na wawili.

Spika akavuta kiti, akaketi. Hawa ndio waliomwitikia kila siku kwa pamoja, "Tumeelewa, mwalimu!" mpaka madirisha yakatetemeka. Uso ulimwaka kwa aibu. Akaandika: KWA NINI ROBO?

Jibu la kwanza lilitoka kwa msichana wa kando ya dirisha, ambaye Spika hakukumbuka kumsikia hata siku moja. "Kwa sababu nne ni kubwa kuliko tatu. Nilitaka kukuuliza tangu mwaka jana, lakini ulikuwa unaongea."

Spika alicheka kimyakimya hadi mabega yakamtikisika, kisha akafuta macho. Akagawa karatasi. Kila kikundi kikakata ukanda mmoja vipande vitatu na mwingine wa urefu uleule vipande vinne, wakavipiga picha na kuzilinganisha kwenye kioo. Kelele zikapanda, ila safari hii zilikuwa zao. Spika akapita kati ya madawati, mikono nyuma, akisikiliza.

Wiki ya sita, katika jaribio gumu zaidi, walikosea watatu tu. Sauti ilirudi, ya chini kidogo. Siku hizi hutuma swali kwanza, akasubiri majibu, ndipo aongee.

Msichana wa dirishani naye amekuwa msumbufu haswa. Juzi aliuliza kwa nini duara lina nyuzi mia tatu na sitini na si mia moja.

"Sijui," Spika alikiri mbele ya darasa zima. "Hebu tutafute wote."

Walitafuta mpaka kipindi kikapita, na mwalimu wa sayansi akawa anagonga mlango kudai chake.