Mama Alidhani Ni Washenga, Nikanyamaza

Jamani, mwenzenu nimekosa. Sina pa kujifichia. Sikushawishiwa na rafiki mbaya wala sikupitiwa na shetani. Nilikosa mchana kweupe, nimekaa zangu kazini, kikombe cha chai mkono huu na simu mkono huu. Na kosa lenyewe wala halikuwa la kusema kitu. Lilikuwa la kunyamaza.

Naomba jina langu mliache. Jueni tu kwamba nafanya kazi kwenye kampuni ya kutembeza watalii hapa Arusha, nimepanga Olasiti, na nyumbani kwetu ni Nkoaranga. Sijaolewa. Baba mkubwa husema umri wa kuitwa binti ulishanipita bila kunisalimia, lakini huyo ni yeye na mdomo wake.

Tangu nikiwa shule napenda hadithi za kisayansi. Roboti, vyombo vya angani, watu wanaohamia sayari nyingine na kukuta majirani wabaya. Tupo wachache mjini tunaozipenda, tumeunda klabu, na huwa tunakutana nyuma ya duka la spea la Shabani pale Sokon One. Shabani (si jina lake) ni katibu. Mimi nilikuwa mwenyekiti. Sikilizeni vizuri hapo: nilikuwa.

Sasa mashabiki wa hadithi hizi wana kongamano lao kubwa. Watu wanatoka nchi mbalimbali, wanavaa mavazi ya ajabu, wanabishana mchana kutwa kuhusu mambo ambayo hayapo. Kila safari linafanyika mji mwingine, na miji inaomba uenyeji kama nchi zinavyoomba mashindano ya mpira. Tukasema na sisi tuombe, kwani kuna ubaya gani?

Loh! Jibu likaja kwamba Arusha imebaki kushindana na mji mmoja tu wa pwani. Wakaguzi wawili watakuja kuangalia kumbi na hoteli. Halafu wakaongeza kwamba wangependa pia kufika kwenye nyumba ya watu wa kawaida, waone wenyeji wanavyopokea wageni.

Nililitaka kongamano lile, jamani! Maisha yangu yote nimeitwa mtoto wa ajabu kwa sababu ya vile vitabu. Nilitaka siku moja barabara za Arusha zijae watu wa ajabu kama mimi, na mtu mmoja asimame aseme, huyu ndiye aliyewaleta.

Lakini mfuko wa klabu ulikuwa na hewa tupu. Ndipo nikamkumbuka mama. Ana uwanja mzuri, migomba, kahawa, na siku isiyo na mawingu mlima unauona mpaka juu. Nikampigia.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, kuna wageni wanataka kuja nyumbani."

Sauti ikashuka: "Wageni gani?"

"Wageni rasmi. Wanatoka mbali. Wanataka kuja kutuona, waangalie kama tunafaa."

Ninyi mnaosoma, kama mmezaliwa upande wetu, najua mmeshashika kichwa. Kwetu msichana ambaye hajaolewa hasemi "wageni wanakuja nyumbani" hivi hivi. Neno hilo lina maana moja tu. Ni washenga! Mimi kichwa kilikuwa kimejaa kumbi na kura, nikasahau nazungumza na nani.

Mama akapiga kigelegele mpaka nikaitoa simu sikioni. Nikamsikia anamwita shangazi: "Njoo, njoo, Mungu amejibu!" Akarudi anahema. "Nitachinja yule beberu. Nitapaka nyumba rangi. Baba yako mkubwa nitamwambia mimi mwenyewe. Mwanangu, wanakuja lini?"

Hapo ndipo, ndugu zangu. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Mama, sivyo." Maneno mawili tu! Lakini nilikuwa nimesikia beberu. Nilikuwa nimesikia rangi. Nikayameza yale maneno mawili na chai yangu, nikasema, "Jumamosi ijayo, mama."

Shabani nilipomsimulia aliacha kucheka katikati. "Dada, mwambie mama ukweli."

"Nitamwambia wageni wakishakula."

"Utakuja kulia wewe."

Nikamwona mwoga. Nikamkumbusha tu kwamba Jumamosi aje na lile vazi lake la roboti, wakaguzi waone kwamba Arusha ina mashabiki wa kweli.

Jumamosi ikafika. Nilipopanda na wale wageni kile kilima cha kwetu, nyumbani sikupatambua. Njia ilikuwa imechongwa ngazi. Nyumba inang'aa. Turubai limefungwa. Akina mama wa kwaya wamevaa kitenge sare, wametupokea kwa vigelegele na nyimbo kuanzia getini.

Wageni wenyewe walikuwa bwana mmoja wa Ghana, nimwite Kwesi, na mama mmoja wa Finland, nimwite Bi Aino. Bi Aino alitoa miwani akafuta macho. Akaniambia kwa Kiingereza kwamba amekagua miji mingi na hajawahi kupokelewa hivi. Nikajiona nimeshashinda.

Tukakalishwa. Baba mkubwa, ambaye ndiye anayesimama mahali pa marehemu baba yangu, alivaa koti la suti na kofia, fimbo mkononi. Kiingereza hajui, na wageni Kiswahili hawajui. Mkalimani nani? Mimi hapa!

"Waulize," akasema baba mkubwa, "kwao ni wapi hasa."

Nikawauliza. Kwesi akatabasamu, akasema wao hawana makao, kila mwaka wanahamia nchi nyingine. Nikatafsiri hivyo hivyo, kwa uvivu tu wa kutunga.

Baba mkubwa akamgeukia shangazi. "Ni wafugaji?"

"Sijui, labda."

"Waulize kama wana nia ya kweli na sisi."

Nikauliza kama wameipenda Arusha. Bi Aino akasema wameipenda sana, lakini lazima wawe wakweli, kuna mwingine wanayemfikiria, wa pwani. Ninyi mngetafsiri nini hapo? Mimi niliduwaa nikalitoa lote lilivyo.

"Kuna mwingine?" Baba mkubwa aligonga fimbo. "Yaani wamekuja kumlinganisha mtoto wetu na wa pwani? Waulize anayeamua ni nani!"

"Wanasema… watapiga kura."

"Kura! Huyo muoaji ana kamati?"

Akina mama wa kwaya wakaanza kunong'onezana. Mama yangu alikaa wima kwenye kiti chake, amevaa hereni zake za Pasaka, na kila nilipomtazama aliniitikia kwa kichwa kunipa moyo. Alidhani nababaika kwa aibu ya bibi harusi! Ee Mungu wangu, pale nilitamani ardhi ifunguke.

Ardhi haikufunguka. Ilifunguka geti, akaingia Shabani.

Alikuwa amepanda bodaboda kutoka barabara kuu akiwa vile vile alivyovaa. Mwili mzima umezungushiwa bati. Kichwani ndoo ya rangi iliyotobolewa macho. Kifuani taa mbili za nyuma za gari, zinawaka na kuzima. Mbwa wetu alimwona mara moja akaenda zake migombani. Wageni wakasimama kupiga makofi.

Shabani akafika katikati ya uwanja, akanyoosha mikono, akayasema maneno ambayo tuliyafanyia mazoezi wenyewe pale dukani:

"Wenyeji, salamu! Nimetoka mbali sana. Nimeona hapa kwenu panafaa. Nimekuja kuomba mnipokee!"

Baba mkubwa akashusha fimbo taratibu. "Basi angalau huyu anajua kuongea," akasema. "Sogea hapa, kijana. Ndiye wewe mwenyewe?"

"Ndiye mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi yako nini?"

"Nauza spea, mzee, Sokon One."

"Kazi nzuri hiyo. Vua hiyo ndoo tuongee."

Shabani akaivuta. Akaivuta tena. "Imegoma, mzee."

"Basi jibu ukiwa humo humo. Huyu binti yetu unampenda kweli?"

Ndoo ikageuka kulia, ikageuka kushoto. "Nani?"

"Huyu hapa!"

"Mzee," sauti ikatoka mle ndani, imejaa hofu, "mimi nina mke. Na watoto."

Sitasahau! Shangazi alipiga ukelele. Mama mmoja wa kwaya akaangua kicheko akajiziba kwa kitenge. Kwesi akaninong'oneza akiuliza kama hii ni sehemu ya maonyesho, maana ni nzuri mno.

Mama alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. Hakunivuta. Ningefurahi kama angenivuta.

"Hawa ni nani?"

Nikamwambia yote. Kongamano, kura, klabu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Siku ile kwenye simu nilikuuliza ni wageni gani?"

"Uliniuliza, mama."

"Na nilipofurahi, ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Akatazama kule uwanjani muda kidogo, halafu akajifunga vizuri kitenge chake. "Wageni hawajala," akasema, akaenda kupakua.

Aliwahudumia kwa mkono wake mwenyewe. Machalari ya ndizi, nyama, mtori, hakupunguza kitu. Alitabasamu kwa Bi Aino, alitabasamu kwa Kwesi, akamkalisha Shabani kivulini huku baba mkubwa na kijana wa bodaboda wakiing'oa ile ndoo kwa mafuta ya kupikia. Mimi hakunitazama.

Bi Aino si mjinga. Akaniuliza kwa nini wazee wamenyamaza ghafla, na kwa nini mwenye nyumba ana macho mekundu. Nikashindwa kudanganya zaidi, nikamweleza. Aliweka kijiko chini. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. Alisema tu, "Maskini mama yako."

Kongamano likaenda pwani. Waliandika kwa adabu sana. Mji wetu mzuri, mlima mzuri, chakula cha mama hawatakisahau. Ila hawakuweza kujua, katika yote niliyowatafsiria, lipi lilikuwa la kweli. Klabu ikakaa kikao, Shabani akawa mwenyekiti. Alama ya ndoo bado anayo shingoni, kwa hiyo sikupinga.

Hayo ya kongamano yamepita. Nilidhani hasara imeishia hapo. Kumbe mama alikuwa ametoa sadaka ya shukrani kanisani kwa ajili yangu, mbele ya usharika mzima. Jumapili iliyofuata ilibidi asimame tena aeleze. Nilimwambia nitakuja niseme mimi mwenyewe. Akaniambia nisije. Shangazi ananiambia alisimama akasema, "Ile shukrani yangu niliiwahisha," akakaa. Watu wengine walicheka. Yeye aliimba nyimbo zote mpaka mwisho wa ibada.

Sasa mnisikilize, maana hili ndilo lililonifanya niandike. Mwaka huu nimempata mtu. Kweli nimempata! Fundi umeme, kwao Machame, mpole, Mlutheri, hana mke wala ndoo. Hadithi zangu akifika ukurasa wa pili anasinzia, lakini ananisikiliza nikisimulia. Wazee wake wameshasema wako tayari kuja.

Baba mkubwa nilipomweleza aliniuliza swali moja tu: "Watakuwa wamevaa nini?" Halafu akasema safari hii mkalimani hatakiwi, na mimi nitakaa jikoni mpaka niitwe. Nikacheka, naye akacheka. Huyo ameshanisamehe.

Nikampigia mama. Nilikuwa nimejiandaa siku nyingi, nimekaa kitandani kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikamwambia jina lake. Nikamwambia ukoo wake, kazi yake, na kanisa analosali. Nikamwambia wanaokuja safari hii ni washenga, mama, washenga wa kweli. Nikaiweka simu mbali kidogo na sikio.

Mama akasema, "Sawa." Halafu akaniuliza kama mvua imenyesha huku mjini.

Imenyesha, nikamwambia. Tukazungumza mvua.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, mama yako akikuelewa vibaya, msahihishe pale pale, hata kama kuna beberu, hata kama kuna rangi. Usiseme nitamwambia kesho. Mama ana furaha anayokuwekea wewe tu, ameilea tangu siku uliyozaliwa, na ukimfanya aitoe bure mbele za watu hawezi kwenda dukani kununua nyingine. Mimi yangu niliitumia kwa wakaguzi wawili. Na hata kura zao sikuzipata.