Rangi Niliyoisugua Ikatoka

Nyie mnaocheka kwenye kundi la ukoo eti bibi kasugua kidude cha masomo cha mjukuu, nyamazeni. Hakuna cha kuchekesha.

Aneth, mjukuu wangu anayesoma chuo, alikuja nacho Marangu. Kidogo kama ukucha wa mtoto. Leo asubuhi kakiacha mezani kwenye kisosi, kaenda kukamua ng'ombe.

Nikakitazama. Kinang'aa rangi rangi, kama mafuta ya taa yaliyomwagika kwenye maji.

Nyumba yangu haikai uchafu, mnajua. Nikachukua majivu, nikasugua mpaka rangi yote ikatoka. Tena nikajisifu!

Aneth akaingia na ndoo ya maziwa. "Bibi, umekifanya nini?"

"Nimekusafishia. Msomi gani anatembea na uchafu?"

Akakaa chini. Hakufoka. Akaniambia yale hayakuwa mafuta. Ni vitundu vidogo mno, jicho halivioni, vimepangwa kama sega la nyuki, na mwanga ukinasa humo ndio unatoa rangi. Ukiweka tone la maziwa, rangi inabadilika iwapo maziwa yana mabaki ya dawa aliyotibiwa ng'ombe. Amekihangaikia mwaka mzima. Kesho angewaonyesha wafugaji.

Mae, mama yangu! Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Hamna shida, bibi," akaenda kulia nyuma ya zizi, akidhani sisikii.

Aneth, nimekosa. Nilikuita mchafu mbele ya kazi ya mikono yako.

Majivu nimeshayamwaga mgombani. Wewe tengeneza kingine, ukilete hapa hapa mezani kwangu, na maziwa ya kwanza kupimwa yawe ya ng'ombe wangu.